Kidonda kimefunga, mukono bado: namna ya kurudilia gita kisha kuumia

Mu majimbo ya mashariki, wapiga muziki wengi hawaishi na muziki peke yake. Mwenye anapiga solo mu korali siku ya Yenga, siku ya Kwanza iko motari, mupasua mbao, muchimbaji ku karie ao mulimaji. Mukono wenye kugusa kamba za gita ndio ule ule wenye kushika panga na musumeno. Ukiumia, mutu anapoteza kazi mbili mara moja.

Kisha wiki tatu ao ine, ngozi inafunga. Ndugu wa korali wanakuja kuuliza: utarudia lini? Hapo ndipo mambo mingi yanaharibika, juu kidonda kupona na mukono kupona ni vitu viwili mbalimbali. Ngozi inafunga mbele ya vitu vyote. Mifupa, kano na mishipa ya fahamu vinafuata nyuma, kila kimoja na wakati wake. Wengi wenye walipoteza muziki yao hawakuipoteza siku ya ajali. Waliipoteza mu wiki zenye zilifuata: wengine juu waliharakisha, wengine juu walifunga mukono wakaogopa kuutembeza.

Kuko nini ndani ya mukono

Mukono, kuanzia kifundo mpaka ncha za vidole, uko na mifupa 27. Lakini kitu cha kushangaza ni hiki: ndani ya vidole hamuna musuli ya kuvikunja. Musuli yenye kazi hiyo iko juu, kati ya kiwiko na kifundo. Inavuta vidole kupitia kamba nyeupe, nguvu, zenye tunaita kano. Ni sawa breki ya kinga: unakamata huku juu, kamba inavuta kule chini. Kamba ikikatika, unaweza kukaza mukono namna gani, gurudumu halisimami.

Kila kidole, isipokuwa dole gumba, kiko na kano mbili za kukunja. Moja inakunja kiungo cha katikati, ingine inakunja ncha. Ndiyo sababu mutu anaweza kukatwa na kisu, akaona kidole bado kinakunjika kidogo, akasema «si kitu». Kumbe kano moja imekatika. Kwa mulimaji, hiyo inaweza kupita. Kwa mupiga gita, ncha ya kidole yenye haikunjike ni akori yenye haitoke.

Kando ya kano kunapita mishipa ya fahamu. Hiyo ndiyo inaambia bongo: hii ni kamba ya tatu, hapa ni baridi, hapa panakwaruza. Yenyewe ikikatika, kidole kinabakia sawa kimevaa soksi.

Siku ya ajali na siku zenye kufuata

Kuko mambo machache ya kufanya mbele ya kufika ku hospitali. Kusafisha kidonda na maji safi mengi. Kufunika na kitambaa safi na kukandamiza ili damu isimame. Kutosha pete na bangili mara moja, juu mukono utavimba na pete itakuwa kitanzi. Kuinua mukono juu kuliko moyo. Usiweke majivu, udongo, kahawa ao mafuta ya gari: vyote hivyo vinaingiza microbe mu kidonda. Na sindano ya kukinga tetanosi ni ya lazima kama mutu hakumbuke ya mwisho alichomwa lini.

Mbele kidonda hakijashonwa, mugonjwa ao mutu wa jamaa anaweza kuomba muganga afanye majaribu mawili. La kwanza: kushikilia kidole hapa katikati na kuomba mugonjwa akunje ncha peke yake, kidole kimoja kimoja. La pili: kufunga macho na kugusiwa pole pole pande mbili za kila kidole. Kama ncha haikunjike ao upande moja hausikie, kushona ngozi haitoshe. Inaomba daktari mupasuaji.

Hapo wakati uko na bei. Kano yenye imekatika inashonwa vizuri zaidi mu siku za kwanza. Ikipita wiki mbili, ncha zake zinavutika na kujificha ndani, na kazi inakuwa nguvu sana. Wakati mwingine itaomba kukamata kano ya fasi ingine ili kutengeneza hii. Kwa hiyo mutu mwenye yuko mu kijiji, mwenye barabara ni mubaya, asingoje kidonda kifunge ndipo atafute usafiri.

Juu ya mifupa: watu wengi wanapeleka kidole chenye kimevunjika kwa muunga-mifupa wa kijiji. Hatari kubwa ni kufunga na nguvu sana. Kama, kisha kufunga, vidole vinakuwa baridi, vinageuka rangi, vinakufa ganzi, ao maumivu yanazidi kila saa, inafaa kulegeza mara moja na kukimbilia ku hospitali. Mukono unaweza kufa ndani ya bande mu saa chache. Kule hospitali watapiga picha ya mifupa, ile yenye watu wanaita «radio».

Wiki za kufungwa

Mupiga gita akijua hesabu hizi, hatadanganywa na ngozi yenye imefunga.

Mufupa wa kidole, mara mingi, unaomba wiki 3 ao 4 za kushikiliwa. Ukipitisha wiki 4 bila kutembeza, viungo vinaanza kukauka, na kukauka kule kunaweza kutesa kuliko kuvunjika kwenyewe. Kwa hiyo vidole vyenye havikuumia vinapaswa kutembea toka siku ya kwanza, hata kama kimoja kiko ndani ya platri.

Kano yenye imeshonwa inaomba uvumilivu mwingi. Karibu wiki 6 za kwanza, mukono unakaa mu ateli, ni kusema kile kipande cha plastiki ao cha platri chenye kuushikilia. Vidole vinatembezwa tu namna mutu wa kine alionyesha, bila kushika kitu. Kati ya wiki ya 6 na ya 12, kazi nyepesi: kushika kikombe, kufunga kifungo cha shati. Nguvu ya kweli inarudia karibu kisha wiki 12. Kukandamiza kamba za chuma na kidole chenye kano yake iko na wiki 5 ni kutafuta kuikata mara ya pili. Na upasuaji wa mara ya pili hauleti matokeo sawa ya wa kwanza.

Mushipa wa fahamu unaota pole pole kuliko vyote: karibu milimita 1 kwa siku. Kutoka kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati ni karibu sentimita 18. Fanya hesabu: milimita 180, siku 180, ni miezi 6, tena kisha ungojo wa wiki za kwanza. Mutu mwenye kusema mu mwezi wa pili «kidole changu kimekufa» amehukumu mapema. Wakati mushipa unaota, kutakuwa kuchomachoma sawa sindano ao sisimizi. Mara mingi ni alama muzuri.

Moto nao uko na sheria yake. Ngozi yenye iliungua, wakati inapona, inavuta. Kidole chenye kinaachwa kimekunjwa juu haileti maumivu, kitabakia vile. Inaomba kukinyorosha na kukishikilia na ateli usiku, sawa muganga anaonyesha, hata wakati kidonda kinaonekana kimepona.

Kupiga muziki bila kugusa gita

Mu wiki hizi, mupiga muziki haiko bila kazi. Bongo yenyewe inaweza kufanya mazoezi. Mu mwaka wa 1995, kundi la watafiti lilitangaza jaribio lenye linajulikana sana: watu walifundishwa mazoezi ya vidole vitano ku piano kwa siku 5. Wamoja walipiga, wengine walikaa mbele ya piano na kuwazia tu. Wenye kuwazia nao walisonga mbele, na fasi ya bongo yenye kuongoza vile vidole ilibadilika kwa wao pia.

Kwa hiyo, dakika 10 asubuhi na dakika 10 mangaribi: kukaa, kufunga macho, kupitisha wimbo mu kichwa, akori moja kisha ingine, na kuona kila kidole fasi kinakwenda. Mukono wenye haukuumia unaweza kuendelea kupiga kazi yake. Kama ni wa kushoto uliumia, wa kuume unashika mwendo wa sebene juu ya kamba zenye zimenyamazishwa na kitambaa.

Wakati hisia inaanza kurudia mu vidole, mazoezi ya kugusa yanasaidia. Kuweka ndani ya sahani muchele, maharagi, muchanga safi, kipande cha kitenge na kipande cha blanketi. Kugusa na macho wazi, kisha na macho yamefungwa, na kusema ni nini. Vitu hivi viko mu kila nyumba. Kitu kimoja cha kuangalia: kidole chenye hakisikie hakijue moto. Inafaa kukilinda na sufuria na mbabula.

Siku ya kurudilia gita: dakika 5

Daktari ao mutu wa kine akikubali, kuko maulizo matatu ya kujiuliza. Je, mukono unaweza kufunga ngumi na kufunguka bila kuvimba kesho yake? Je, unaweza kufanya kazi ndogo za nyumba bila maumivu? Je, kidonda kimekauka kabisa? Kama jibu moja ni hapana, bado.

Kama yote ni ndiyo, mwanzo ni dakika 5. Mara mbili ao tatu kwa siku, na mapumuziko ya kweli kati. Kupasha mukono moto kwanza: kuuweka mu maji ya vuguvugu, hasa kule Butembo, Masisi ao Minembwe kwenye asubuhi iko baridi. Wimbo wa kwanza uwe ule mutu anajua toka zamani, mwendo wa nusu, sauti ya chini. Sebene ya mbio itangoja.

Namna ya kupima ni nyepesi. Maumivu ya 0 mpaka 10: yakipita 3, kuacha. Ikiwa kesho asubuhi mukono umevimba ao unauma kuliko jana, kurudia ku dakika za mbele. Ikiwa siku mbili zimepita bila shida, kuongeza dakika 2 ao 3, hapana 20. Kuongeza kitu kimoja kwa mara moja: ao wakati, ao mwendo, ao akori ya nguvu. Kuandika mu kaye kunasaidia, juu mutu anasahau mateso ya jana wakati watu wanamupigia makofi leo.

Tena, mukono hauna mufuko mbili za nguvu. Mwenye alibeba bidoni ya litre 20, akalima saa mbili, ao akaendesha moto mu mabonde siku muzima, amekwisha kutumikisha sehemu kubwa ya nguvu ya siku ile. Kupiga gita mangaribi juu ya ule uchovu ndiko kunarudisha watu nyuma. Mu wiki za kwanza inaomba kuchagua: muziki asubuhi mbele ya kazi, ao bidoni ichukuliwe na mukono mwingine ao na ndugu.

Kurekebisha gita kwa mukono wenye uko

Gita nyingi za mashariki ziko na kamba za nguvu, zenye ziko mbali na shingo. Vijana wengine wanatumikisha hata nyuzi za kamba ya breki ya kinga. Mukono muzima unavumilia. Mukono wenye kurudia hauwezi.

Kuko mambo ya kufanya yenye hayaombe franga mingi. Kuweka kamba nyembamba. Kushusha kamba karibu na shingo. Kuregeza sauti ya gita muzima nusu toni ao toni moja: kamba zinakuwa laini mara moja. Kutumikisha kapo: ku gita yenye kamba za sentimita 65, nafasi ya kwanza iko na milimita 36 hivi, lakini ya tano iko na 29. Kupanda juu ya shingo ni kupunguza kunyorosha vidole. Kama kidole kimoja hakirudie, kutafuta akori za kamba tatu pahali pa sita. Mu orkestra yenye iko na bas na akompanyema, hakuna mutu atajua.

Kwa wenye hasara ni kubwa, kubadilisha kazi mu orkestra si kushindwa. Likembe inaomba zaidi madole gumba. Ngoma inaweza kufuata kiganja na kifundo. Wengine walipindua gita na kufundisha mukono mwingine. Inaomba miaka, lakini sikio na mwendo havianzi ku zero.

Wenye walipita njia hii

Django Reinhardt, muzaliwa wa Ubelgiji mu 1910, alikuwa tayari mupiga muziki karibu na Paris wakati moto uliwaka mu gari lake la kulala, mwezi wa 11 wa 1928. Mukono wake wa kushoto uliungua, kidole cha pete na kidole kidogo vikabakia vimekunjwa. Ilimuomba karibu mwaka moja na nusu. Alijenga upya namna yake ya kupiga: solo kwa vidole viwili, vile vyenye viliumia vikisaidia tu mu akori zingine. Mu 1934 kundi lake, Quintette du Hot Club de France, lilianza, na muziki yake inasikiwa mpaka leo.

Tony Iommi wa Birmingham, Uingereza, alikuwa na miaka 17 mu 1965 wakati mashini ya kiwanda ilikata ncha za vidole viwili vya mukono wake wa kuume. Yeye anapiga kwa kushoto, kwa hiyo ndio mukono wa kukandamiza kamba. Musimamizi wake wa kazi alimusikilizisha Django. Iommi aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta kamba nyembamba, na kisha miaka akaregeza sauti ya gita. Ile sauti ya chini, nzito, ya kundi Black Sabbath ilitoka kwa sehemu mu shida ile.

Na hapa kwetu kuko somo lingine, hata kama haikutoka mu ajali. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, mwenye Hugh Tracey alirekodi kule Jadotville, ni kusema Likasi ya leo, mu mwaka wa 1952, alitumikisha vidole viwili vya mukono wa kuume: dole gumba na kidole cha shahada. Kwa hivyo viwili alitosha bas na sauti ya juu pamoja. Mupiga gita mwenye alipoteza kidole cha pete ao kidole kidogo cha kuume, mutindo wa Katanga bado uko wazi mbele yake.

Franga, korali na orkestra

Sababu kubwa yenye kufanya watu warudie mapema ni njaa. Mwenye anapiga mu ndoa na mu bare analipwa siku anapiga. Ni vizuri kuongea wazi na kiongozi wa kundi toka wiki ya kwanza: mutu atarudia na wimbo moja, kisha mbili, hapana ibada muzima ao usiku muzima. Wakati wa kungoja, anaweza kuimba, kufundisha vijana, kusimamia meza ya sauti, ao kupanga nyimbo. Kundi lenye linamushikilia fasi yake miezi mitatu litapata mupiga gita wa miaka makumi. Lenye linamusukuma apande jukwaa wiki ya tano linaweza kumupoteza kabisa.

Fasi za kutafuta musaada

Kule Goma, Heal Africa na hospitali ya CBCA Ndosho ziko na uzoefu wa upasuaji wa majeruhi, na Kituo Shirika la Umoja kinajulikana kwa kine na vifaa vya walemavu. Kule Bukavu kuko Heri Kwetu na hospitali ya Panzi. Juu ya hali ya usalama na barabara, inafaa kuuliza kwanza ku kituo cha afya cha karibu kama huduma iko na bei gani, na kuomba barua ya kutumwa. Mwenye hawezi kurudia ku kine kila wiki aombe aonyeshwe mazoezi yote siku ile moja, na mutu wa jamaa akuwepo ili akumbuke.

Kurudia ku hospitali bila kungoja ikiwa: kidonda kinatoka usaha ao mukono unakuwa mwekundu na moto, kidole chenye kilikuwa kinakunjika kimeacha kwa gafula, hasa kisha kusikia «ta!» ndani, vidole vinakuwa baridi ao vinageuka rangi, ganzi inazidi kila wiki kuliko kupunguka, ao kiungo kinazidi kukauka hata kama mazoezi yanafanywa kila siku.